Padi ya Pili

Ukimwambia mtu kwamba unatafuta gemu uliyocheza utotoni, na jina lake hulijui, swali la kwanza atakalokuuliza ni la rangi. Steringi wake alivaa nguo gani? Mbingu ilikuwa nyeusi au samawati? Ni swali la haki kabisa. Gemu za zamani ni maelfu, na rangi huzichuja upesi kuliko kitu kingine chochote. Mimi sina jibu. Kibanda tulichochezea pale Kondele, Kisumu, kilikuwa na Great Wall ya inchi 14, ile isiyo na rangi ambayo nyumba nyingi za Kenya ziliitazamia habari na Vitimbi katika miaka ya 1980 na 1990, na ambayo stima ikipotea ilifungwa kwenye betri ya gari ikaendelea. Ndani ya kioo kile nyasi, damu, maji na moto vyote vilikuwa kijivu, tofauti ikiwa ni kukolea tu. Kwa hiyo siwezi kusema nimezisahau rangi za ile gemu. Sikuwahi kuwa nazo.

Nilichonacho ni hiki. Viumbe wawili wafupi wanene, wakitembea kwa kuyumba. Kuta na vichochoro, kama mtaa uliochorwa kutoka juu. Buibui. Kitu chenye umbo la moyo pale juu katikati, kimefungiwa. Wimbo mmoja wa polepole unaozunguka bila kuisha. Na zaidi ya yote, nakumbuka tulicheza wawili: kaka wake, mimi wangu, yeye akielekea kulia na mimi kushoto, na sharti lilikuwa tufike kwenye moyo pamoja. Mmoja akifika peke yake, hakuna kitu.

Nikisema kaka, kwa hesabu ya shule yule alikuwa binamu, mtoto wa baba mkubwa. Kwetu hesabu hiyo haifanywi. Aliletwa nyumbani Manyatta na sanduku la bati na sweta ya shule nyingine, katikati ya miaka ya 1990, wakati Nyanza ilipokuwa ikizika watu wazima Jumamosi baada ya Jumamosi na hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Alinizidi miaka minne. Mama hakututambulisha. Alisema tu, "Huyu atalala na wewe," na usiku ule nikasukumwa ukutani, nikabaki huko mpaka alipoenda sekondari.

Yeye ndiye aliyenipeleka gemu. Kilikuwa kibanda cha mabati, mkabala na akina mama waliokaanga mgongo wazi, na mwenye gemu aliketi mlangoni akiwa na saa ya mkononi juu ya paja, akiuza dakika. Ndani palikuwa na benchi moja la mbele kwa wanaocheza na moja la nyuma kwa wanaosubiri, na wa nyuma ndio waliopiga kelele zaidi: ruka, piga, umekufa, nipe mimi nikupitishie steji. Kitu pekee chenye rangi mle ndani kilikuwa kaseti yenyewe, ya plastiki ya njano, karatasi yake imebanduka nusu. Picha ikikataa, mwenye gemu aliichomoa, akaipuliza kama mtu anayewasha jiko, akairudisha. Wakati mwingine ilikubali. Tuliamini ni pumzi yake.

Gemu haikuhifadhi chochote. Stima ikikatika, steji zote ulizopita zimekwenda, unaanza upya na shilingi mpya. Mwaka 2000, ukame ulipokausha mabwawa na umeme ukawa wa mgao nchi nzima, mwenye gemu alikaa nje mchana kutwa akicheza ajua na wazee, mbegu zikizunguka kutoka shimo hadi shimo, akishindwa vibaya. Betri ya gari ilikuwa na kazi nyingine nyumbani kwake.

Kaka alikua, akajifunza umeme wa magari, akaoa, akapata binti. Kisha figo zikamshinda. Tukawa tunampeleka kusafishwa damu, tukipitisha mchango kwenye simu, halafu tukawa hatumpeleki tena. Tulimzika Seme, kando ya baba yake. Wasifu ulisomwa kama wasifu unavyosomwa: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, ameacha mjane na mtoto mmoja. Ulipofika wakati wa ndugu kusema, nikapewa kipaza sauti, na nilichotaka kusema hakikuwa na jina. Nikaanza: kulikuwa na gemu fulani, ya watu wawili. "Mario!" mtu mmoja akasaidia kutoka kwenye hema. "Contra!" mwingine akamkosoa. Watu wakacheka, wakaanza kuhadithiana gemu zao wenyewe, nami nikarudisha kipaza sauti. Walikuwa wema. Walidhani nimekwama kwa uchungu.

Kaka alipokuwa hai hatukuhitaji jina. "Ile gemu" ilitosha. Angeweza kuniona nimekwama kwenye jambo fulani la kikazi, mtu mzima nina tai shingoni, akasema, "Kama ile gemu, omera, ngoja mwenzako afike," na tukaelewana. Jina ni la kumwelezea mtu ambaye hakuwepo. Sasa kila mtu niliyebaki naye ni mtu ambaye hakuwepo, ndiyo maana nikaanza kulitafuta.

Inafaa nieleze gemu zile zilitufikiaje, kwa sababu ugumu wote wa kuzitafuta unatoka huko. Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza Japani mashine iliyoitwa Famicom. Iliuzika ajabu, na ndani ya miaka michache viwanda vya Taiwan, na baadaye China bara, vikawa vimejifunza kuitengeneza upya bila ruhusa ya mtu. Kampuni ya UMC ya Taiwan ilitengeneza chipu zilizofanya kazi ya zile za Famicom kwa bei ya chini, na juu ya chipu hizo yakajengwa maganda ya kila umbo na kila jina. Hizo ndizo zilizofika Urusi, Pakistani, Brazili, na Kondele. Sisi hatukujua kama kuna mashine ya asili mahali fulani inayoigwa. Hiyo yetu ndiyo ilikuwa gemu.

Kaseti nazo zilikuwa na hadithi yake. Juu iliandikwa idadi ya gemu zilizomo, na idadi hiyo haikuwa na haya: gemu 9999999 ndani ya kaseti moja, menyu ndefu ambayo maisha ya mtu hayatoshi kuimaliza. Ukweli ni kwamba zilikuwemo gemu chache tu, zilizorudiwarudiwa. Namba hii ni ile gemu ya juzi, ila inaanzia steji ya tano. Namba ile ni hiyohiyo, ila umepewa bunduki kubwa tangu mwanzo. Waliozinakili walikwangua majina ya kampuni kwenye picha ya kwanza na mara nyingi wakabatiza upya: Battle City, gemu ya vifaru ya Namco ya mwaka 1985, ilizunguka dunia ikiitwa Tank 1990 baada ya kufanyiwa ukarabati. Hakukuwa na boksi, kitabu cha maelezo wala jina la mtu aliyeibuni. Akina mama wa mkabala walikuwa wakiuza kitu cha aina hiyo hiyo: mbuta walioingizwa ziwani enzi za mkoloni, minofu ikakatwa viwandani ikasafirishwa Ulaya, mifupa na kichwa vikabaki Kisumu, vikakaangwa vikaitwa mgongo wazi. Na vilikuwa vitamu, asikudanganye mtu.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta nilikuwa natafuta kitu ambacho jina nililolisoma kwenye menyu, kama ningelikumbuka, huenda lisingekuwa lake. Nikaanza kwa kuondoa zisizokuwa zenyewe. Ile ya simba na pete za moto ni Circus Charlie ya Konami, ya 1984. Ile ya gari linaloishiwa mafuta huku malori yakikuziba ni Road Fighter, ya Konami hao hao. Yule bwana wa sketi ya majani, anayerusha shoka la mawe na kufa njaa asipookota matunda, tuliyekuwa tukimwita Tarzani, ni Adventure Island ya Hudson Soft, 1986. Historia ya huyu ilinifurahisha hata nikasahau kwa jioni moja kilichonileta. Gemu hiyo ilianza kama Wonder Boy, ya Sega. Hudson walipoichukua kuileta kwenye Famicom hawakuweza kulitumia jina wala mhusika, basi wakamtoa yule kijana wakamweka mfanyakazi wao wenyewe, Takahashi, aliyekuwa maarufu Japani kwa kubonyeza kitufe mara 16 kwa sekunde. Kumbe kubatizwa upya hakukuanza na wezi. Na kumbe Tarzani wetu alikuwa mtu wa kweli, mwenye mshahara, wa kampuni ya Sapporo.

Kila jina nililolipata lilinipa furaha fupi na hasara ndogo. Simba wa sarakasi alikuwa wetu, sasa ni wa Konami. Nilijua hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kazi irudi kwa mwenyewe. Hata hivyo sikufurahi kama nilivyodhani.

Hatimaye nikapata iliyofanana. Inaitwa Binary Land, ya Hudson Soft hao hao: ilianzia kwenye kompyuta za nyumbani za Kijapani mwaka 1983, ikaingia Famicom mwaka 1985. Pengwini wawili wapenzi, Gurin na Malon, wanaanzia chini, kila mmoja upande wake wa vichochoro, na ukutani juu katikati kuna moyo ndani ya kizimba. Mmoja akienda kulia, mwingine huenda kushoto, kama mtu na kioo, lakini kuta za pande mbili hazifanani, kwa hiyo mmoja hukwama huku mwingine akiendelea. Lazima wafike kwenye moyo kwa wakati mmoja. Kuna buibui. Akinaswa mmoja kwenye utando, mwenzake anakwenda kumtoa.

Nilipoifungua mara ya kwanza kwenye programu inayojifanya mashine ya zamani, nilikuwa na uhakika kwa nukta kama mbili, mpaka wimbo ulipoanza. Wimbo ulikuwa wenyewe, na haukuwa wenyewe. Ulikuwa unakimbia. Pengwini nao walikimbia. Ilikuwa kama kumwona mtu unayemjua akihutubia kwa sauti ya mtu mwingine.

Wimbo wenyewe una asili yake: ni "Je te veux" ya Erik Satie, wimbo wa dansi wa Paris uliochapishwa mwaka 1903, ukapigwa upya na chipu ya Kijapani. Kaka aliupiga mluzi maisha yake yote. Aliupiga akiosha sufuria, akiwa chini ya matatu iliyokataa kuwaka, akiendesha baiskeli kutoka Kibuye na mzigo nyuma. Mke wake alidhani ni wimbo wa kanisani. Na mluzi wa kaka ulikuwa wa polepole, nina hakika na hilo kuliko nilivyo na hakika na uso wake. Basi ama ninakumbuka vibaya, ama kuna kitu kimetokea njiani.

Kilitokea. Televisheni za Japani zilichora picha 60 kwa sekunde. Za Kenya, kwa kuwa tulifuata mfumo wa PAL kama nchi nyingi zilizopitiwa na Mwingereza, zilichora 50. Gemu za wakati ule zilihesabu kila kitu kwa picha: pengwini apige hatua baada ya picha kadhaa, noti ibadilike baada ya picha kadhaa. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu zikiwekewa kaseti iliyoandikwa kwa ajili ya Tokyo, vyote, adui, mvua, risasi na muziki, vilipungua mwendo kwa moja ya sita. Hatukujua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasi ya dunia ile. Mtoto wa Osaka na mtoto wa Kondele walicheza gemu moja, na mtoto wa Kondele alikuwa na muda zaidi wa kufikiri.

Programu hizi za kuigiza mashine zina mahali pa kuchagua mwendo. Kuna Japani, kuna Ulaya, na katika baadhi yake kuna chaguo la tatu linaloitwa Dendy, jina la mashine ya kunakili iliyouzwa Urusi kuanzia mwaka 1992. Warusi walikua na gemu hizi hizi, wakawa wengi, wakajua kuandika programu, wakahakikisha utoto wao una kitufe chake. Nikachagua Dendy. Nikazima rangi. Pengwini wakapunguza mwendo, wakawa kijivu, na mluzi wa kaka ukatoka kwenye spika ya kompyuta, noti kwa noti, kwa mwendo wake.

Ningeweza kuishia hapo nikafurahi. Lakini nilikuwa bado sijacheza. Na ukishaicheza Binary Land, hata kwa dakika moja, unagundua jambo ambalo maelezo yake yote yanalisema wazi, nami nilikuwa nimelisoma bila kulisikia. Mchezaji ni mmoja. Mtu mmoja, padi moja, ndiye anayewaongoza pengwini wote wawili. Ukibonyeza kulia, wako huenda kulia na yule mwingine huenda kushoto mwenyewe. Ndiyo gemu yenyewe ilivyo.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Padi ya pili naikumbuka vizuri: kitufe kimoja kilikuwa kimezama, na mtu alikuwa amechora nyota nyuma yake kwa msumari. Waya wake ulipita chini ya benchi ukaingia kwenye giza la nyuma ya meza. "Usivute waya," mwenye gemu aliniambia kila mara, na mara moja, nilipoinama kuangalia unakoishia, kaka alinishika shingo akanirudisha kwenye kioo. "Angalia mbele. Huyo wako anakwama."

Huyo wangu. Alinisifu. "Kushoto kidogo. Safi. Sasa juu. Omera, umekuwa mtaalamu." Benchi la nyuma lilijua, sasa ninaelewa kicheko chao, ingawa hata wao hawakusema. Mimi nikinaswa na utando aliniambia nitulie, anakuja, na kweli akaja akanitoa. Hilo ni rahisi kulielewa, mkubwa anamtoa mdogo. Linalonishinda ni lile lingine. Kuna siku alinaswa yeye. Aliachia mikono, au alijifanya ameachia, akanigeukia akasema, "Nimekwisha. Njoo unitoe." Na mimi, ulimi nje, vidole vinateleza kwa jasho, nikaja. Nikapita kichochoro kwa kichochoro, nikamkwepa buibui, nikafika, nikabonyeza, utando ukafutika, akawa huru. Alinipigia makofi. Usiku akamwambia mama mbele yangu kwamba leo nimemwokoa.

Alikuwa amejinasa mwenyewe, akajitoa mwenyewe, na katikati alinipa heshima ya kumtoa. Mtoto wa miaka kumi na moja hivi, aliyezika baba na mama.

Nilikasirika kwanza, nisifiche. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuniambia. Tulikaa pamoja kwenye ile kliniki saa nzima nzima, damu ikizunguka kwenye mashine, tumeishiwa maneno, na hilo halikumjia, au lilimjia akaliacha. Sasa nina kesi ambayo mshtakiwa wake ni shahidi wake, na hayupo. Huwa nawasikia watu wakisema wafu wanaondoka na siri. Huyu hakuondoka na siri yoyote ya kwake. Aliondoka na ya kwangu.

Kuna watu wanaolifanyia kazi suala hili la gemu zilizopotea, na kazi yao ni kubwa. Mwaka 1997 Muitaliano Nicola Salmoria alianzisha MAME, programu ambayo nia yake ni kuhifadhi namna mashine za gemu za mitaani zilivyofanya kazi kabla hazijaoza. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitoa utafiti uliosema asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini mwao haziwezi tena kununuliwa kwa njia ya kawaida. Niliposoma takwimu hiyo nilijikuta nahesabu upande wetu nikashindwa pa kuanzia. Utahesabuje kitu ambacho hakikutolewa rasmi? Binary Land ya Hudson imehifadhiwa, ipo mpaka nukta ya mwisho, ingawa Hudson yenyewe ilimezwa na Konami mwaka 2012 na haipo tena. Ile ya Kondele, yenye mwendo wa 50, jina la uongo, kijivu, na padi ya nyota, ilihifadhiwa na watu wawili.

Pale Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, wamejenga boma zima la Kiluo, Ber-gi-dala: nyumba za wake, simba, yaani nyumba ya mwana mkubwa, ghala. Nimewahi kuwapeleka wageni, wakauliza maswali mazuri. Sijaona anayewaza kuweka pembeni kibanda cha mabati, benchi mbili na Great Wall, na sidai wafanye hivyo kesho. Lakini watu wa rika langu waliokulia Manyatta, Nyalenda, Obunga na Bandani walitumia saa nyingi ndani ya vibanda vile kuliko ndani ya simba yoyote, na vibanda vyenyewe vimekwenda bila hata picha. Cha kwetu kilikuwa karibu na pale daraja la juu la Kondele lilipo sasa. Nimewahi kusimama chini yake nikijaribu kupima kwa macho, tuktuk zikinipigia honi, nikashindwa kuafikiana na nafsi yangu hata kuhusu upande wa barabara.

Basi nikamtafuta shahidi mwingine. Yupo mmoja, tulisoma naye darasa moja, sasa ni mwalimu upande wa Ahero, na benchi la nyuma alilikalia miaka ile yote. Tulikutana Dunga Jumapili mchana. Tukaagiza ngege wa kuchemshwa na kuon, tukazungumzia watoto, karo, na Gor Mahia, na samaki alipofika nusu nikamweleza habari yote, kuanzia pengwini mpaka padi. Nilitegemea acheke, au anyamaze kwa heshima.

Aliacha kula. "Padi ya pili haikuwa inafanya kazi? Nani amekuambia?"

Nikamwambia si suala la padi, gemu yenyewe ni ya mtu mmoja.

"Contra niliimaliza na padi ile ile, yenye nyota."

"Contra ndiyo. Mimi nasema ile ya moyo."

"Hata hiyo. Nimecheza na kaka yako, kila mtu na wake. Siku moja alinaswa nikamtoa mimi."

Nikatoa simu, nikamwonyesha: kuta, moyo, buibui, mwendo wa 50, kijivu. Aliitazama kwa makini ya mwalimu anayesahihisha mtihani, akaniomba niongeze sauti, akasikiliza mpaka wimbo ukazunguka mara ya pili. Akanirudishia simu akavuta kichwa cha ngege upande wake.

"Wimbo ndio huo," akasema. "Lakini hao si wenyewe. Wale hawakuwa pengwini, omera. Walikuwa bata."